Kocha, nikate maji siku tatu kabla ya shindano?

Swali la msomaji:

"Kocha shikamoo. Nina miaka 26, urefu sentimita 176, kilo 84, jim nina miaka minne bila kuacha. Nimejiandikisha shindano langu la kwanza la bodibildingi, zimebaki wiki 14. Kuna jamaa pale jim kashapanda jukwaani mara mbili, ananiambia siri yote iko wiki ya mwisho: nikate chumvi wiki nzima, siku tatu za mwisho nisinywe maji kabisa, na kanipa vidonge vinne vya kukojoza nimeze usiku wa kuamkia shoo ili ngozi ibane na misuli itokeze. Naogopa kidogo. Ni kweli ndo wanavyofanya? Na majaji haswa wanaangalia nini, manake naona wakati mwingine mkubwa anapigwa na mdogo wake. Nisaidie nisije nikaaibika."

Marahaba mdogo wangu. Naanza na vile vidonge kabla ya kitu kingine chochote: usimeze, hata nusu. Na maji usikate siku tatu, na chumvi usiiondoe wiki nzima. Nimeshindana, nimefundisha, na sasa miaka kadhaa nakaa meza ya majaji, na kila msimu naona kitu kilekile, kijana kajituma miezi na miezi, kala kwa mizani, kaamka alfajiri kupiga kadio, yale mazoezi ya kupandisha pumzi kama kukimbia, afu anauharibu mwili wake ndani ya siku nne za mwisho kwa ushauri kama huo uliopewa wewe. Huyo jamaa sidhani kama ana nia mbaya, na yeye alifundishwa hivohivo na mtu, ndo mambo ya jim yanavyorithishwa, lakini kurithishwa hakukifanyi kitu kiwe kweli.

Ngoja nikueleze maji yanavyofanya kazi, manake ukishaelewa hapa hutahitaji tena mtu wa kukukataza.

Wazo lenyewe linasikika vizuri: kuna maji chini ya ngozi, yanafunika misuli, tukiyatoa misuli itaonekana. Tatizo ni kwamba mwili hauna bomba mbili, moja la maji ya chini ya ngozi na lingine la maji ya ndani ya misuli, kwamba utafunga hili uache lile. Misuli yenyewe karibu robo tatu yake ni maji. Ule ujazo unaouona asubuhi ukiwa umelala vizuri na umekula vizuri, ule mkono unaojaa shati, asilimia kubwa ni maji yaliyoshikana na wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli, tunaita glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni inashika kama gramu 3 za maji. Sasa we unataka siku ya Jumamosi misuli ijae, halafu kuanzia Jumatano hunywi maji. Huo wanga utakaokula Ijumaa utaingia kwenye misuli na maji ya wapi?

Na damu je? Damu nayo ni maji. Ukikauka damu inapungua ujazo, presha inashuka, mishipa ambayo ulitaka isimame kama kamba inalala. Unaenda nyuma ya jukwaa kupiga pampu, unavuta raba za mazoezi marudio 20, 30, 40, hakuna kinachokuja, manake pampu ni damu kujaa kwenye misuli na we damu umeipunguza mwenyewe.

Chumvi ndo inachekesha watu wengi kwa jinsi walivyoielewa kinyume. Ukiikata ghafla, mwili unasoma kwamba kuna hatari, homoni moja inaitwa aldosteroni inapanda, na kazi yake ni kuziambia figo zishike sodiamu, yale madini yaliyo kwenye chumvi, na maji zisiachie. Kwahiyo unaanza kushika maji yaleyale uliyokuwa unayakimbia. Na zaidi ya hapo utumbo unatumia sodiamu kuvusha glukosi kuingia kwenye damu, kwahiyo ukila wanga mwingi bila chumvi kabisa unajikuta tumbo limejaa gesi na kiuno kimevimba, misuli bado bapa.

Sasa vidonge. Dawa za kukojoza zilitengenezwa kwa wagonjwa wa moyo, wa presha, wa ini, watu ambao daktari anawapima damu kujua potasiamu, nayo ni madini, iko kiwango gani. Moyo unapiga kwa umeme na huo umeme unaendeshwa na potasiamu, sodiamu, na wenzao, kwa kiwango kidogo sana cha kukosea. Furosemidi inatoa potasiamu nyingi kwenye mkojo, spironolaktoni inafanya kinyume, inaizuia isitoke mpaka inarundikana, na zote mbili zikizidi kwa mtu aliyekauka na mwenye njaa ya miezi mitatu, mapigo yanaweza kuvurugika na moyo ukasimama. Hata hujui jamaa kakupa aina ipi, hujaniandikia jina. Na zimo kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kwahiyo kwenye shindano linalopima dawa unafungiwa hata kama hujawahi kugusa steroidi, zile dawa za kukuza misuli, maisha yako yote.

Sikutishi kwa hadithi za kijiweni. Mohammed Benaziza, alikuwa mfupi na mwenye misuli mizito iliyokatika kuliko karibu wote wa wakati wake, alishinda shindano la Grand Prix Uholanzi Oktoba 1992 na akafa saa chache baadaye, ana miaka 33, mwili umekauka. Andreas Münzer wa Austria, ambaye watu walikuwa wanamtaja kama kipimo cha ukavu, alikufa Machi 1996 siku chache baada ya kushindana Marekani, miaka 31, viungo vya ndani vikaacha kufanya kazi kimoja baada ya kingine. Paul Dillett, jitu haswa, kwenye shindano la Arnold Classic la 1994 aligandia kwenye pozi, mwili ukakakamaa kwa kukosa maji akabebwa kutolewa jukwaani. Hao ni watu wa juu kabisa, wana makocha, wana uzoefu wa miaka. We ni mara yako ya kwanza na una vidonge vinne visivyo na jina.

Na kuna mmoja sitamtaja ambaye niliona kwa macho yangu. Hakuwa mwanafunzi wangu, nilikuwa nyuma ya jukwaa na kijana wangu mwingine. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeona picha zake, mgongo wake ulikuwa bora kuliko wa mtu yeyote kwenye kundi lake, mistari imeshuka mpaka kiunoni. Siku ya shoo kakaa kwenye taulo sakafuni, midomo imepasuka, akiongea ulimi unanata juu, mashavu yameingia ndani kama mtu aliyetoka kuugua, na rangi aliyopaka imekaa juu ya ngozi kama vumbi. Mwalimu wake anamwambia piga pampu, anapiga, hakuna kitu. Alipopanda, kwenye pozi la tumbo na paja, paja likakaza likagoma kuachia, akashuka kwa kushikwa mabega. Alitoka wa nane. Mwili wa zile picha ungeshinda siku ile, nasema hivyo kwasababu niliwaona wote waliokuwa mbele yake.

Sasa twende kwenye kile ambacho naona ndo kiini cha swali lako hata kama hukuliuliza hivyo. Yale unayoyaita maji, mdogo wangu, mara nyingi ni mafuta. Mtu akibana ngozi ya tumbo wiki moja kabla ya shoo akaona bado ina unene anasema "nimeshika maji", neno zuri, linampa matumaini kwamba ndani ya siku nne litatatuliwa. Maji hayabaniki kwa vidole viwili hivyo. Kama ngozi ya kiuno kwa nyuma bado inashikika, hujamaliza daieti, na hakuna hila ya wiki ya mwisho itakayoimaliza. Walio tayari unawajua ukiwaangalia kwa nyuma, nyama ya makalio inaonyesha michirizi wakikaza, nyuma ya mapaja inagawanyika, mgongo wa chini unaonyesha ile mikanda miwili iliyosimama pembeni ya uti. Mbele kila mtu anaweza kuwa na sikspaki, tumbo linakauka mapema kwa wengi. Nyuma haidanganyi.

Kwahiyo hizo wiki 14 ndo shoo yako. Tupige hesabu ya haraka. Umesema kilo 84, hukusema mafuta ni asilimia ngapi na zile mizani za kukanyaga za jim siziamini sana, lakini tuseme una 16, ambayo ni kawaida kwa mtu anayefanya mazoezi na kula vizuri. Hiyo ni karibu kilo 13 na nusu za mafuta, zinazobaki kilo 70 na kidogo ni kila kitu kingine. Ukitaka kufika kama asilimia 6 bila kupoteza misuli utapanda jukwaani na kilo 75 hivi. Ni kilo 9 za kushusha. Mwendo salama wa kushusha bila kula misuli yako mwenyewe ni nusu mpaka asilimia moja ya uzito kwa wiki, kwako wewe gramu 420 mpaka 840. Gawanya kilo 9 kwa wiki 14 unapata gramu 640 na kidogo. Inawezekana, lakini hakuna nafasi ya kucheza, ukipoteza wiki mbili za mwanzo kwa kusema nitaanza Jumatatu basi utajikuta unakimbizana na njaa kali mwishoni na hapo ndo misuli inaenda.

Najua kilo 75 inakuuma. Inamuuma kila mtu, umejenga miaka minne afu unaambiwa utapanda na uzito wa mtu asiyeenda jim. Lakini jukwaani hakuna mizani, na mtu wa kilo 75 aliyekauka anaonekana mkubwa kuliko mwenye 82 aliyefunikwa, manake jicho linapima mipaka, bega linaishia wapi mkono unaanzia wapi, na mafuta ndo yanafuta hiyo mipaka. Mwaka 1968 Miami kwenye shindano la Mr. Universe la IFBB, shirikisho la kimataifa la bodibildingi, Arnold Schwarzenegger alikuja na mwili mkubwa kwelikweli, wamesimama na Frank Zane unaona mmoja ni mlima. Zane akashinda. Huyohuyo Zane, urefu wake haupishani na wako, akachukua Mr. Olympia, taji kubwa kabisa la mchezo huu, mara tatu mfululizo 1977, 1978 na 1979 akiwa na kilo 80 na kitu, mbele ya watu waliokuwa wazito kuliko yeye. Hilo ndo jibu la kwanza la kwanini mkubwa anapigwa na mdogo.

Protini weka juu, gramu 2.3 mpaka 3.1 kwa kila kilo ya mwili usiohesabu mafuta, kwako ni kama gramu 160 mpaka 220 kwa siku, mafuta ya chakula yasishuke chini ya asilimia 15 ya kalori zako, zinazobaki zote wanga, na unapunguza huko kwenye wanga kidogokidogo pale uzito unapogoma kwa zaidi ya wiki moja, usipunguze kabla haujagoma. Vyuma endelea kubeba vizito. Kosa la watu wengi wakianza daieti wanabadilisha mazoezi yote wanaingia kwenye uzito mwepesi marudio 25 eti "kuchora" misuli. Misuli haichorwi na marudio. Kilichojenga misuli ndo kinachoilinda, mafuta yataondolewa na chakula na kadio.

Kitu kingine nataka ukijue mapema ili usije ukadhani unaumwa peke yako. Kuna mshindani mmoja asiyetumia dawa ambaye watafiti walimfuatilia mwaka mzima, miezi 6 ya kujiandaa na miezi 6 baada ya shoo. Mafuta yalishuka kutoka asilimia 14.8 mpaka 4.5, mapigo ya moyo akiwa amepumzika yakashuka kutoka 53 kwa dakika mpaka 27, testosteroni ikabaki robo ya ilivyokuwa, na hasira na uchovu vikapanda. Baada ya shoo vilirudi, lakini taratibu. Kwahiyo kuanzia wiki ya tano kabla, ukiwa unasikia baridi wakati wenzako wametulia, usingizi unakatika saa 9 usiku, hamu ya mapenzi haipo, jua ni hiyo. Waambie wa nyumbani mapema wasije wakadhani umewakasirikia. Ila ukiona kizunguzungu cha kuanguka, kifua kubana au mapigo yanarukaruka, unaacha daieti siku hiyohiyo na unaenda hospitali, shindano litakuwepo tena.

Haya, majaji.

Shindano la kwanza kubwa la mchezo huu lilifanyika Royal Albert Hall London tarehe 14 Septemba 1901, aliandaa Eugen Sandow, mwanamisuli maarufu wa zama zile, na kwenye meza alikaa yeye, mchongaji sanamu Charles Lawes na Arthur Conan Doyle, daktari na mwandishi. Mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham. Nalitaja kwasababu ya vigezo walivyotumia: ukuaji wa mwili kwa ujumla, usawa wa sehemu kwa sehemu, hali na ubora wa nyama, afya, na hali ya ngozi. Ukubwa ulikuwa ndani ya kimoja tu, tena kwa maana ya mwili mzima. Miaka 120 na zaidi imepita na bado nikikaa kwenye ile meza ndo navyoangalia, umbo kwanza, halafu usawa, halafu ukavu, na ukubwa ndani ya hayo. Tuzo ya Mr. Olympia yenyewe ni sanamu ya huyohuyo Sandow.

Watu wengi wanadhani jaji anakupa maksi kama mtihani, huyu 85 huyu 90. Sivyo. Tunawapanga. Unaandika huyu wa kwanza, huyu wa pili, wa tatu, karatasi za majaji zinajumlishwa, kawaida wanaondoa alama za juu na za chini kabisa ili jaji mmoja asiwe na nguvu sana, na mwenye jumla ndogo ndo mshindi. Maana yake ni kwamba mwili wako haupimwi peke yake, unapimwa dhidi ya aliyesimama kulia kwako. Na ndo maana kwenye kulinganisha tunawaita kwa namba, mara nyingi watano watano, tunawahamisha huyu aje kati yule aende pembeni. Wanaoitwa kundi la kwanza ndo wanaogombea nafasi za juu. Ukiitwa la pili usikate tamaa ukalegea, nimeshaona mtu anavutwa kutoka la pili kuletwa la kwanza kwasababu aliendelea kukaza wakati wenzake wameshaanza kuangalia watu wao ukumbini.

Na hapo ndo nataka nikae kidogo, kwenye mapozi. Kwangu mimi hili ni nusu ya mchezo na ndo eneo ambalo mshindani wa kwanza anapoteza nafasi tatu nne bila kujua. Kwenye kundi la bodibildingi ya wanaume kuna mapozi ya lazima saba: mikono miwili kwa mbele, mabawa (misuli ya pembeni ya mgongo) kwa mbele, kifua kwa ubavu, mikono miwili kwa nyuma, mabawa kwa nyuma, traiseps (misuli ya nyuma ya mkono) kwa ubavu, na tumbo na paja. Baadhi ya mashirikisho yanaongeza la nane la kukunja mwili mzima mbele. Lakini kabla ya hayo kuna zile zamu nne za kugeuka robo, mbele, ubavu, nyuma, ubavu mwingine, na watu wanaziita kusimama kawaida. Hakuna kusimama kawaida pale. Vidole vya miguu mpaka shingo vyote vimekazwa na uso umetulia kama vile hufanyi kitu, na unaweza kuachwa hivyo dakika kadhaa kwenye taa kali jasho linatiririka. Usipolifanyia mazoezi utaanza kutetemeka na jaji anaona tetemeko kutoka mbali.

Chukua moja tu, mikono miwili kwa nyuma, nikuonyeshe. Vijana wengi wakisikia linatajwa wanageuka na kuinua mikono papo hapo, basi. Kumbe mikono ni ya mwisho. Unaanza chini: mguu mmoja unaurudisha nyuma, vidole vimekandamiza sakafu, kisigino juu, kigimbi kinajikunja kinatoka kama moyo uliogeuzwa. Goti la mguu huo unalikunja kidogo halafu unavuta kama unataka kuburuta sakafu ije kwako, hapo nyama ya nyuma ya paja inagawanyika. Unakaza makalio, yote mawili, sio moja. Ndo sasa mikono inapanda, viwiko juu kidogo ya usawa wa mabega, ngumi zinageuka kuelekea kichwani, na kabla hujafunga unafungua mabega kwa pembeni ili mgongo utanuke, usiyabane kwa kuyakutanisha. Halafu kile ambacho karibu kila mgeni anakosa: unajiegemeza nyuma kidogo kuelekea kwetu. Sisi tumekaa chini, jukwaa liko juu, ukisimama wima au ukiinama mbele mgongo wa juu wote unatukimbia tunabaki tunaangalia makalio. Kujiegemeza kidogo tu, na mgongo wote unashuka machoni kwetu.

Sasa fanya hilo bila kioo. Kioo kinakudanganya manake jukwaani hakipo, na mgongo hujawahi kuuona. Weka simu chini, kimo cha meza, irekodi, angalia, rudia. Anza leo na sio wiki ya nne kabla, dakika 10 kila baada ya mazoezi, baadae 20, baadae unashikilia kila pozi sekunde 30 unapumua juujuu kifuani tumbo likiwa limefungwa. Utashangaa jinsi linavyochosha kuliko seti za miguu. Na faida nyingine hatuiongelei sana, kukaza hivyo kila siku kunakufundisha kuamuru misuli ambayo hujawahi kuisikia.

Kuhusu kundi la kuingia hukuniambia na ni muhimu. Men's Physique mnavaa kaptula ndefu, mapaja hayahukumiwi, wanatafuta mabega mapana, kiuno chembamba, mwonekano wa kuvutia. Classic Physique unavaa kaptula fupi inayobana, miguu yote nje, na kuna kikomo cha uzito kulingana na urefu wako. Kwa urefu na uzito wako, kama mapaja na vigimbi vinalingana na juu, mi ningekupeleka Classic. Kama miguu iko nyuma, na uwe mkweli hapo, anza na Men's Physique mwaka huu. Chukua kitabu cha kanuni cha shirikisho lako ukisome chote, manake vikomo vya uzito na hata mapozi yanatofautiana. Na uliza kama wanapima dawa au hawapimi. Mimi sitakuficha, kwenye mashindano yasiyopima utasimama pembeni ya watu wanaotumia, na ukijilinganisha nao utaumia bure, au mbaya zaidi utatamani kuwafuata. Tafuta linalopima.

Wiki ya mwisho sasa, manake lazima nikupe kitu badala ya kile nilichokunyang'anya. Jumatatu mpaka Jumatano unafanya mazoezi mepesi ya mwili mzima, miguu unaimaliza mapema mwanzoni mwa wiki ili isivimbe. Maji unakunywa kama ulivyozoea kila siku. Chumvi kama kawaida. Alhamisi na Ijumaa unaongeza wanga, wa vyakula vilevile ambavyo tumbo lako limevizoea wiki zote hizo, usijaribu kitu kipya, na wakati wa kuongeza wanga maji usiyapunguze hata kidogo. Siku yenyewe unakunywa kwa mafunda kulingana na kiu, unakula kidogokidogo kila masaa mawili matatu, kitu chenye wanga na chumvi kidogo. Basi, hiyo ndo siri yote, najua haina msisimko. Na fanya jaribio la siku hizo mbili za wanga wiki 3 kabla ujue mwili wako unajibu vipi, siku ya shoo isiwe mara ya kwanza.

Rangi usiidharau. Taa za jukwaani zinafuta vivuli vyote, hata mtu mweusi sana anahitaji rangi ya kupaka ili mistari isimame na ngozi iwe sawasawa. Nyoa mwili siku mbili tatu kabla, sugua ngozi vizuri, na siku ya kupaka usiweke mafuta wala diodoranti, kwapa zinaweza kugeuka kijani. Tabaka mbili tatu, kila moja ikauke, lalia shuka chakavu. Pampu dakika 15 hivi kabla ya kuitwa, kwa raba, mikono, mabega na mgongo, mapaja usiyapige pampu sana manake yakijaa damu mistari inafifia. Namba inabandikwa kwenye chupi upande wa kushoto, ikague kabla hujatoka, nimeona ikidondoka mtu anaanza kuinama kuitafuta wakati wenzake wanalinganishwa.

Wiki 4 kabla nitumie picha za nyuma. Kama ngozi ya kiuno bado inabanika na makalio hayana mstari hata mmoja, tutahamia shindano la baadae, na nakuomba ulikubali hilo sasa hivi ukiwa umeshiba na akili imetulia, manake wakati huo ukiwa na njaa utakuwa tayari kumeza chochote.

Na siku baada ya shoo panga chakula chake kabla ya shoo. Mwili uliokauka ukiachiwa unarudisha kilo kadhaa ndani ya wiki moja, miguu inavimba mpaka soksi inaacha alama, na kichwani unajiona umeharibika kumbe ni mwili unajiokoa. Kula mlo mmoja wa furaha na familia yako usiku ule, kula ushibe, halafu kesho yake unarudi kwenye ratiba ukiongeza chakula wiki kwa wiki. Nipigie simu hiyo Jumapili, usinipigie Jumamosi usiku tu kunipa matokeo. Jumapili ndo siku ambayo washindani wengi wanakuwa peke yao.

Vile vidonge vipeleke duka la dawa uwaambie wavitupe wao, usimrudishie jamaa, manake atampa mwingine.